Kiungo bila tarehe ni hasara kwa mwenye hisa

Habari ni bidhaa sokoni kama zilivyo hisa, kahawa na dola. Anayeipata mapema na kuielewa hupata faida, na anayeipata ikiwa imekwisha kuchacha hulipa gharama. Kwa sababu hiyo wiki hii ukurasa huu unaziweka kando bei za kufunga soko ili kuzungumzia jambo ambalo wafanyabiashara wengi huwaachia mafundi wa kompyuta: viungo vinavyotengenezwa na mashine ili kuunganisha habari moja na nyingine.

Msomaji anavifahamu hata kama hajui vinavyotengenezwa. Anasoma kwenye simu habari ya gawio la benki fulani, na chini yake anakuta maneno "Soma pia" pamoja na vichwa vinne au vitano vya habari. Akikigusa kimoja anafunguliwa habari nyingine. Zamani mhariri ndiye aliyechagua habari za kuwekwa hapo. Leo katika magazeti mengi makubwa, na katika huduma zinazokusanya habari kutoka magazeti mbalimbali, kazi hiyo hufanywa na programu usiku na mchana, mara nyingi bila mtu kuiangalia.

Maoni yetu ni kwamba mashine hizi zinamfaa sana mwekezaji mdogo, na hatuombi zizimwe. Lakini kiungo chochote kinachohusu kampuni iliyoandikishwa sokoni kisitolewe bila vitu viwili: tarehe ya kwanza ya habari yenyewe, na utambulisho kamili wa kampuni inayotajwa. Mchapishaji anayetoa kiungo kisicho na hivyo abebe dhamana yake, kama anavyobeba dhamana ya habari aliyoiandika.

Yaliyowapata wenye hisa za United

Atakayeuliza kama jambo hili lina uzito wowote wa fedha, ajibiwe kwa yaliyotokea Marekani Septemba 2008.

Shirika la ndege la United liliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 9, 2002. Kesho yake gazeti la Chicago Tribune liliandika habari hiyo, kama ilivyopasa. Shirika likajipanga upya, likapunguza gharama, na Februari 2006 likatoka chini ya usimamizi wa mahakama. Kwa mwenye hisa mpya za United, habari ya 2002 ilikuwa historia.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 7, 2008, habari hiyo ya zamani ilijitokeza katika tovuti ya gazeti la Sun-Sentinel la Florida, lililokuwa chini ya mwenye mali mmoja na Chicago Tribune. Tovuti ilikuwa na kisanduku cha habari za biashara zinazosomwa zaidi, kilichojazwa na programu. Kwa maelezo ya wenye gazeti, saa hizo za usiku wasomaji walikuwa wachache kiasi kwamba mtu mmoja tu kuifungua habari kulitosha kuipandisha katika orodha. Programu ya Google inayopita kwenye tovuti kukusanya habari ikaona kiungo kipya, ikakifuata, ikaikuta habari isiyokuwa na tarehe ya 2002 mahali pa kuonekana. Tarehe iliyokuwepo juu ya ukurasa ilikuwa ya siku ile ile. Mashine ikaamini kwamba United imefilisika Septemba 2008, na ikaiweka habari hiyo pamoja na habari mpya.

Jumatatu asubuhi, Septemba 8, kampuni ndogo ya ushauri wa uwekezaji huko Florida ikaikuta katika utafutaji wake wa kawaida, ikaipeleka muhtasari kwenye mtandao wa Bloomberg, ambao madalali wa hisa huutazama kutwa nzima. Hisa iliyofunga wiki kwa dola 12.30 ikaporomoka katika dakika chache hadi dola 3. Soko la Nasdaq likasimamisha biashara ya hisa hiyo, shirika likakanusha, biashara ikafunguliwa tena, na siku ikafungwa kwa dola 10.92.

Tupige hesabu ya mtu mwenye hisa 1,000. Ijumaa alikuwa na mali ya dola 12,300. Kama hakufanya lolote Jumatatu, jioni alikuwa na dola 10,920, pungufu ya dola 1,380 kwenye karatasi. Kama aliogopa akauza kwenye dola 3, alibaki na dola 3,000 mkononi, na mwenzake aliyenunua hisa zile zile kwa bei hiyo aliondoka jioni na faida ya dola 7,920. Nasdaq haikuyafuta mauzo hayo. Aliyeuza ameuza.

Haikuishia hapo. Wachumi wa tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani walilichunguza tukio hili baadaye, na wakaona kwamba bei ya United iliendelea kuwa chini kwa siku kadhaa za soko hata baada ya kila mtu kujua kwamba habari ilikuwa ya zamani. Woga ukishaingia sokoni hautoki siku ile ile.

Baadaye gazeti lilimnyooshea kidole mkusanya habari, na mkusanya habari akalinyooshea gazeti. Kwetu sisi somo ni rahisi kuliko malumbano yao. Kila neno katika habari ile lilikuwa la kweli. Mwandishi hakukosea. Kilichopotea ni tarehe, na kiungo kikaibeba habari ya kweli na kuifikisha ikiwa uongo. Tena mwaka 2008 mafuta yalikuwa yamefika karibu dola 147 kwa pipa mwezi Julai, na mashirika ya ndege yote yalikuwa yakilia. Habari ya kufilisika iliingia akilini kwa urahisi, kwa hiyo hakuna aliyesita kuiamini.

Jinsi mashine inavyochagua

Wazo la kuunganisha maandishi kwa viungo si la jana. Mmarekani Vannevar Bush aliandika juu ya mashine ya namna hiyo mwaka 1945, na Ted Nelson ndiye aliyeyapa maandishi ya aina hii jina lake la Kiingereza katika miaka ya 1960. Hao walifikiria mtu akifunga viungo kwa mkono wake. Magazeti yalipoanza kuingia katika kompyuta, watafiti waliona kwamba hakuna chumba cha habari kitakachokuwa na watu wa kutosha kwa kazi hiyo, wakaanza kuifundisha mashine.

Njia ya kwanza ni ya kuhesabu maneno. Gerard Salton wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walionyesha kwamba habari mbili zinazotumia maneno yale yale kwa wingi unaofanana huwa zinazungumzia jambo moja. Karen Spärck Jones wa Uingereza akaongeza mwaka 1972 kwamba neno adimu lipewe uzito kuliko neno la kila siku. Neno "na" halisemi kitu kuhusu habari, lakini neno "korosho" linasema mengi. Katika miaka ya 1990 Stephen Green wa Chuo Kikuu cha Toronto aliijaribu njia nyingine kwa habari za magazeti. Mashine ilifuata minyororo ya maneno yenye maana zinazokaribiana, ili habari moja ikisema "gari" na nyingine "lori" zikutanishwe. Mashine za leo zimekwenda mbali zaidi katika kupima maana, na nyingine huangalia pia wasomaji waliotangulia walifungua nini.

Njia zote hizi zinajibu swali moja: habari hizi mbili zinafanana kiasi gani? Mwenye hisa ana maswali mengine mawili. Je, ni kampuni ile ile? Je, jambo hili bado ni kweli leo? Kufanana hakujibu hata moja kati ya hayo. Habari ya kampuni kufilisika na habari ya kampuni hiyo hiyo kutoka katika ufilisi zinafanana sana kwa maneno, na kwa mfuko wa mwekezaji ziko mbali kama mashariki na magharibi.

Majina ya kampuni zetu

Kosa la utambulisho nalo lina historia yake. Katika miaka ya 1990 kampuni ya simu ya MCI ya Marekani ilitumia sokoni kifupi MCIC, na kifupi MCI kilikuwa cha mfuko mwingine kabisa wa uwekezaji. Mtafiti Michael Rashes alionyesha mwaka 2001 kwamba habari za kampuni ya simu zilivuta biashara ya mfuko ule usiohusika. Mwaka 2020, watu walipokimbilia mikutano ya kompyuta ya Zoom, wengine walinunua hisa za kampuni nyingine iliyoitwa Zoom Technologies, hadi wasimamizi wa masoko ya Marekani wakasimamisha biashara ya hisa hizo mwezi Machi. Hao walikuwa binadamu wenye macho. Mashine inayosoma majina bila kuuliza itafanya hivyo kwa kasi na kwa wingi zaidi.

Sasa tujitazame sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili, kwani hapa tuna tatizo ambalo watengenezaji wa programu hizi hawakuwa nalo akilini. Kampuni zetu zinapenda majina ya maneno ya kawaida. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ziliandikishwa benki za Maendeleo mwaka 2013, Mkombozi mwaka 2014 na Mwalimu mwaka 2015. Neno "maendeleo" limo katika kila hotuba ya mkuu wa wilaya. "Mwalimu" anaweza kuwa benki, anaweza kuwa Nyerere, na anaweza kuwa anayedai posho yake Sumbawanga. Uganda ilikuwa na kampuni ya Umeme, iliyoandikishwa Kampala mwaka 2012, ambayo mkataba wake wa kusambaza umeme ulimalizika mwaka 2025. Mashine ikikutana na kichwa kisemacho "Umeme wakatika", itajuaje kama ni mkataba uliokatika au ni waya ulioanguka kwa mvua?

Wenye hisa za saruji wako pabaya zaidi. Saruji ya Tanga inajulikana kwa jina la Simba na ile ya Wazo kwa jina la Twiga. Mwaka 2017 magazeti yalijaa habari za klabu ya soka ya Simba kumpata mwekezaji, na ndani yake kulikuwa na maneno "hisa", "asilimia", "mwekezaji" na "wanachama". Mwaka 2023 sehemu kubwa ya hisa za saruji ya Tanga ziliuzwa kwa mwekezaji kutoka nje, na maneno yakawa karibu yale yale. Kwa mashine inayohesabu maneno, hayo ni mambo ya nyumba moja. Msomaji wa Dar es Salaam atacheka na kupita. Mtu aliye mbali, anayesoma kwa haraka au kwa msaada wa programu ya tafsiri, huenda asicheke.

Lakini mfano unaotutia wasiwasi zaidi ni wa Nairobi. Maduka ya Uchumi yalifungwa Juni 2006, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Yalifufuliwa, na Mei 2011 hisa zikarudi kuuzwa. Baadaye kampuni iliingia tena katika matatizo. Kwa hiyo katika makabati ya magazeti kuna habari za Uchumi kufa, kufufuka na kuumwa tena, nazo zimechanganyika na maelfu ya habari zenye neno "uchumi" zisizohusu duka lolote. Mtu aliyekuwa na hisa hizo mwaka 2012, akaletewa chini ya habari ya siku hiyo kichwa cha 2006 kisicho na tarehe, angekuwa na mkosi ule ule wa mwenye hisa za United.

Lugha yenyewe nayo ina mitego yake. Programu iliyotengenezwa kwa Kiingereza imezoea neno kubadilika mwishoni, ilhali la kwetu hubadilika zaidi mwanzoni. "Amenunua", "zilinunuliwa" na "mnunuzi" ni mti mmoja, lakini mashine isiyofundishwa Kiswahili inaona miti mitatu. Na neno "imepanda" likihusu bei ni neema au balaa kutegemea uko upande gani wa meza, wakati "wamepanda" likihusu mahindi ni habari ya kilimo. Anayenunua programu kutoka nje na kuifunga katika gazeti la Kiswahili bila kuipima anauza mzigo asioufungua.

Soko jembamba

Wapo watakaosema United ilirudi juu siku ile ile, kwa hiyo soko lilijitibu. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba Nasdaq ina wanunuzi na wauzaji kila sekunde. Aliyejua ukweli alinunua, na bei ikapanda. Masoko yetu ni membamba. Zipo hisa ambazo hupita siku kadhaa bila hata moja kubadilisha mikono. Uvumi ukiingia katika hisa ya namna hiyo, mwenye nazo atatafuta mnunuzi asimpate, na akimpata atakubali bei yoyote. Kanusho likija keshokutwa litamkuta amekwisha kuuza. Soko jembamba linahitaji habari safi kuliko soko pana, kwa kuwa halina wingi wa watu wa kulisahihisha kosa.

Tunachodai

Kwanza, tarehe. Kila kichwa kilichowekwa na mashine kiwe na siku, mwezi na mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza, kando yake, kabla msomaji hajakigusa. Ukurasa wenyewe nao uibebe tarehe hiyo mahali ambapo mtu na mashine wataiona, na isichanganywe na tarehe ya leo iliyoko juu ya tovuti.

Pili, utambulisho. Habari ya kampuni iliyo sokoni itaje jina lake kamili, soko ilikoandikishwa na kifupi chake. Programu ifunge viungo kwa kufuata kifupi na soko. Jina pekee lisitoshe. Hivyo Simba ya saruji itabaki kiwandani na Simba ya mpira itabaki uwanjani.

Tatu, kiungo kiende mbele pia. Mashine nyingi hufunga habari mpya kwa za zamani na kuishia hapo. Habari ya zamani iliyobadilishwa na matukio iwe na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye hali ya karibuni. Kama habari ya Desemba 2002 ingekuwa na mstari mmoja juu yake wa kumpeleka msomaji kwenye habari ya Februari 2006, hasara ile isingetokea.

Nne, maneno mazito yapite kwa mtu. Habari yenye "mufilisi", "kufungwa", "kusimamishwa sokoni" au "kununuliwa" isiingizwe katika orodha yoyote ya mashine kabla mhariri hajaitazama. Habari za namna hiyo kwa siku ni chache, na kazi yake ni ya dakika.

Wachapishaji watalalamika gharama. Tarehe haina gharama, kwa sababu gazeti linaijua siku lilipochapisha. Watasema pia kwamba mwekezaji ajihadhari mwenyewe. Ajihadhari, lakini hawezi kukagua kilichofichwa. Muuza maziwa anayefuta tarehe kwenye pakiti hawezi kumlaumu mnywaji kwa kuumwa tumbo. Na hoja kwamba kiungo ni cha mashine, si cha gazeti, hatuikubali hata kidogo. Gazeti ndilo lililoinunua mashine, ndilo lililoiwasha, na ndilo linalokusanya fedha za matangazo kila msomaji anapogusa kiungo.

Faida isitupwe

Baada ya kusema hayo, turudie kwamba viungo hivi vina manufaa. Nyumba kubwa za udalali zimekuwa siku zote na makarani wa kutunza makabati ya habari za kampuni. Mkurugenzi akiahidi kiwanda kipya, wao walitoa faili na kuona kwamba aliahidi hivyo hivyo miaka mitatu nyuma. Mwenye hisa 200 hakuwa na karani. Kiungo kizuri kinampa karani huyo bure: anasoma ahadi ya leo, na chini yake anaiona ahadi ya zamani ikiwa na tarehe yake. Kampuni zenye maneno mengi zitalazimika kupima maneno yao. Hiyo ndiyo sababu tunataka kazi hii ifanywe vizuri.

Kwa wakati huu, mwekezaji mdogo asiuze wala asinunue kwa sababu ya kichwa cha habari alichokuta chini ya habari nyingine. Afungue, atafute tarehe, asome jina kamili la kampuni. Asipoiona tarehe, aihesabu habari hiyo kuwa ya zamani mpaka ithibitike. Kisha aangalie kama kampuni au soko lenyewe limetoa taarifa, kwa kuwa kampuni iliyoandikishwa inatakiwa kulijulisha soko jambo lolote zito linalogusa bei ya hisa zake. Amuulize dalali wake, na dalali naye aulizwe aliipata wapi. Ikiwa jibu ni kwamba aliiona kwenye orodha ya zinazosomwa zaidi, fedha zibaki zilipo hadi taarifa ya soko ipatikane.